Kranki ya dizeli imekufa? Soma hii kabla hujamlipa fundi

Wenye Prado, Hilux, Discovery na zile Landcruiser za safari hapa Malindi, hii ni yenu. Gari ikianza kugonga chini, swali la kwanza huwa "kranki yauzwa ngapi", na mimi naona hapo ndio watu huanza kupoteza pesa, sababu kranki, yaani ile shafti ya chini inayogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko, ni chuma kigumu, haijifii hivi hivi, kuna kitu kimeiua na mara nyingi kitu hicho ni shida ya oili. Ukinunua mpya ukaitia kwa injini ambayo muuaji bado yumo ndani, basi jitayarishe kununua nyingine.

Kwanza hakikisha ni yenyewe. Dizeli zote zina kelele kwa hivyo usitishike na kila mlio. Injekta (kile kinachopuliza dizeli kwa silinda) ikiwa mbovu yapiga tik tik kali ya juu. Beringi ya konrodi (ule mkono unaounganisha pistoni na kranki) yagonga kwa chini, mlio mzito, na wabadilika ukikanyaga mafuta na ukiachilia. Mlio wa meni beringi (zile zinazoshikilia kranki kwa bloku) ni mzito zaidi, injini ikibeba mzigo wausikia hadi kwa nyayo. Alafu kuna taa ya oili, ikianza kupepesa gari ikiwa moto na imesimama inanguruma tu, zima. Zima hapo hapo ulipo, sio ati "wacha nifike Gede kwanza", sababu hizo kilomita chache ndizo zinakutoa kwa kubadilisha beringi peke yake zikupeleke kwa kranki, na kutoka kwa kranki hadi bloku nzima.

Kuna mafundi wa zamani hulegeza paipu za injekta moja moja ili wasikie ni silinda gani yagonga. Kwa 1HZ (injini ya dizeli ya Landcruiser) ya pampu ya kizamani hiyo ni sawa tu. Kwa komon reli (dizeli za kisasa ambazo injekta zote hulishwa na paipu moja ya presha kubwa) KATAA kabisa, presha mle ndani hufika bar 1,600 na zaidi, dizeli ikitoka kwa presha hiyo yapenya ngozi na kuingia mwilini, hiyo sio kidonda cha kupaka mafuta ni opresheni. Tumia mashini ya diagnosi ukate injekta moja moja. Mlio ukipungua silinda fulani ikikatwa, hapo ni konrodi. Usipobadilika sana, shuku meni.

Baada ya hapo mwaga oili kwa beseni safi, kata filta ufungue karatasi yake uitazame juani. Vumeta vumeta ndani yake ni beringi inalika. Pitisha sumaku, inayoshika ni chuma, yaani kranki yenyewe ishaanza kusagika, isiyoshika mara nyingi ni ile ngozi laini ya beringi. Ukiona vyote viwili usiwashe tena hiyo gari hata ya kuihamisha, ivutwe.

Sasa muuaji. Kwa Prado na Hilux za D-4D 3.0, yaani 1KD, hadithi yajulikana dunia nzima: chini ya injekta kuna washa (pete) ndogo za kopa, zikianza kuvuja moshi wa silinda waingia kwa oili, oili yageuka kuwa lami, lami yaziba chujio kule chini kwa sampu (beseni la oili chini ya injini), na dipstiki yakuonyesha imejaa vizuri tu huku pampu inavuta hewa. Washa ya bei ya chapati inaua injini nzima! Kwa hivyo hizi gari usingoje mlio, fungua sampu utazame chujio, ukikuta masizi magumu badilisha washa zote pamoja.

Discovery 3, Discovery 4 na Range Rover Sport za V6 dizeli, 2.7 na 3.0, ni kesi nyingine. Ile injini ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Ford na Peugeot-Citroën, ikiundwa Dagenham kule Uingereza, na sifa yake mbaya ni meni beringi kuzunguka kwenye makao yake alafu kranki kukatika vipande viwili, wakati mwingine bila hata onyo. Watu wabishana sababu, wengine walaumu beringi ambazo hazina ule ulimi wa kuzishikilia, wengine walaumu ratiba ya kubadilisha oili ya kule Uingereza, ambayo ilifika karibu kilomita 26,000. Mimi sihitaji kujua nani mshindi, kwa joto letu na kuburuta gari mchanga wa Mambrui oili hiyo haiwezi kumaliza hata nusu ya safari hiyo. Badilisha kila kilomita 7,500, na oili ya namba iliyoandikwa kwa kitabu cha gari, sio ile ya mtungi inayopimwa kwa lita.

Wauaji wengine kwa ufupi: maji (mvua kubwa ikijaza barabara ukaingia kwa fujo, injini ikivuta maji konrodi yapinda), puli ya kranki ambayo raba yake imeoza ikawa haimezi mtikisiko tena, na ile tabia ya kukaa gia kubwa kwa mchanga injini ikilia taratibu chini, hasa gari iliyotiwa chipu ya nguvu.

Tuje kwa pesa. Usiulize bei ya kranki, uliza bei ya kazi yote na iwe kwa karatasi: kupeleka kranki na bloku mashini shopu (wengi hupeleka Mombasa, kama kilomita 120, ongeza usafiri), meni na konrodi beringi, thrasti washa (zinazozuia kranki kusogea mbele na nyuma), bolti mpya za konrodi, gaskiti zote, pampu ya oili, oili kula (ya kupoza oili), kukagua tabo (turbo), oili na filta mara mbili, alafu VAT 16% kama duka linatoa risiti ya maana. Ukijumlisha utaona kranki yenyewe ni sehemu tu. Kwa Discovery ongeza saa za kazi, sababu gereji nyingi huinua bodi yote kutoka kwa chesisi ndio wafikie injini, ndio maana hata Uingereza kuna wanaoona ni heri waiuze kama spea.

Kugrindi ndio njia ya bei nafuu, hukatwa 0.25 mm au 0.50 mm na unanunua beringi za saizi hiyo. Lakini ipimwe ufa KABLA hujalipia kugrindi, na ipimwe kama imepinda. Pia kuna kranki za kisasa ambazo ugumu wake uko kwa ngozi ya juu tu, ukikata umeutoa, kwa hizo fuata kitabu cha injini. Na kama meni ilizunguka, matundu ya bloku nayo yapimwe, nafasi ya oili pale ni ndogo kuliko unene wa unywele, fundi anayekwambia "hii iko sawa kwa macho" mshukuru uende zako.

Injini mtumba ya Japani ni njia ya haraka na kwa Toyota mara nyingi mimi ningeichagua. Sharti ufungue sampu dukani kabla ya kulipa. Chukua risiti yenye namba ya injini, sababu namba hiyo iko kwa logbook na lazima ibadilishwe NTSA (mamlaka ya usafiri), usije ukashikwa na injini ya wizi wakati wa kuuza gari.

Wakati wa kufunga, oili kula ya zamani itupwe, vipande vya chuma hujificha mle na kuoshwa hakutoshi. Tabo na mapaipu yake yasafishwe. Kabla ya kuwasha, zima injekta uzungushe kwa stata kidogo kidogo, ukipumzisha, hadi presha ya oili ionekane. Ikifika kilomita 1,000 mwaga hiyo oili, kata filta, tazama tena juani.