Saa moja ya mazoezi, watoto 12: mwongozo kwa kocha wa kujitolea

Muda wa kocha wa kujitolea ni mdogo, na kinachoumaliza kuliko chochote ni foleni. Panga watoto 12 mstari mmoja wapige shuti golini kwa zamu, kila mmoja akitumia sekunde 15: mtoto anagusa mpira mara moja kila dakika 3. Robo saa nzima, mashuti 5. Waliosimama wanaanza kusukumana, wanafokewa, na kumbe kosa ni la mpangilio. Pima kila zoezi kwa swali moja: kila mtoto anagusa mpira mara ngapi?

Kwa hiyo tafuta mipira kwanza. Inayotosha ni mmoja kwa kila mtoto. Ikishindikana, mmoja kwa wawili. Ukubwa wa mpira uwe namba 3 kwa walio chini ya miaka 8, namba 4 kwa miaka 8 hadi 12, namba 5 kuanzia 13. Mtoto mdogo akipewa namba 5 huishia kuupiga kwa ncha ya vidole, na tabia hiyo haitoki upesi. Ongeza koni 20 na vizibao 6 vya rangi moja.

Fika dakika 20 kabla yao. Tembea uwanja mzima, okota vioo na mawe, tazama mashimo. Magoli ya kuhamishika yatingishe kwa mkono: yakicheza, yafungwe kwa vigingi au yawekewe mifuko ya mchanga kwenye chuma cha nyuma, na asiruhusiwe mtu kuning'inia. Goli likianguka huua mtoto. Kama huwezi kulifunga, lilaze chini na mtumie koni.

Dakika 10 za mwanzo, kila mmoja na mpira wake ndani ya mraba wa mita 20 kwa 20: kukokota, kugeuka, kusimamisha kwa wayo. Hapo miili imeshapata moto bila kuzunguka uwanja.

Dakika 15 zinazofuata ni za pasi, wawili wawili, hatua 6 kati yao. Mguu wa kuegemea ukae kando ya mpira, nafasi ya kiganja kimoja, vidole vikitazama anakoupeleka. Mguu wa kupiga ugeuzwe nje, kifundo kikazwe, mpira upigwe katikati kwa ubavu wa ndani. Mpira ukiinuka, usitazame mguu uliopiga. Tazama ule wa kuegemea, mara nyingi umebaki nyuma ya mpira. Ukienda kombo, vidole vyake vimeelekea kwingine. Ukifika bila nguvu, kifundo kimelegea. Mwambie mtoto jambo moja tu, tena kwa jina lake, kisha mwache apige mara kumi bila kumsemesha. Ukimpa matatu kwa pamoja anakakamaa.

Dakika 35 zinazobaki ni mechi, na hapa ndipo mpira unapofundishwa hasa. Gawa viwanja viwili vya mita 25 kwa 15, watatu kwa watatu, bila kipa, mechi za dakika 5 kisha timu zibadilishane wapinzani. Watoto wakiurundikia mpira wote, usipige kelele "tawanyikeni!" Weka magoli mawili madogo kila upande, moja kila kona: baada ya muda mmoja atainua kichwa na kuona goli lisilo na mtu. Akija mtoto wa 13, avae kizibao cha rangi nyingine achezee timu yenye mpira. Maji yanyweke kati ya mechi, bila kusubiri kiu.

Aliyegongwa kichwa anatoka na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Akitapika, akisahau, akisinzia au kichwa kikizidi kuuma, apelekwe hospitali mara moja. Kuhusu kupiga mpira kwa kichwa, mwaka 2015 shirikisho la soka la Marekani lilitangaza kuuzuia kwa watoto wa miaka 10 na chini. Nasi tunashauri vivyo hivyo popote.

Siku ya mechi, andika mapema dakika za kila mtoto kwenye karatasi, angalau nusu ya mchezo kwa kila mmoja. Bila karatasi, matokeo yakibana utawasahau wale wale benchi, nao ndio huacha kuja.

Mazoezi yakiisha, mbaki watu wazima wawili mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe.