Kutengeneza jibini la krimu mara tatu nchini Uganda

Katika Brillat-Savarin, jibini la krimu mara tatu la Ufaransa, mafuta ni karibu robo tatu ya sehemu kavu, yaani kinachobaki maji yote yakiondolewa, hivyo maziwa matupu hayatoshi. Changanya lita 4 za maziwa mabichi ya Mbarara na lita 1 ya krimu nzito. Maziwa ya pakiti yanayokaa miezi hayagandi vizuri. Pasha nyuzijoto 63 kwa dakika 30, poza hadi 25, tia bakteria wa jibini, ukungu mweupe na matone machache ya reneti, kimeng'enya kinachogandisha maziwa.

Baada ya saa 16, teka maziwa yaliyoganda kwa upawa, polepole. Ukivuruga, mafuta yanaondoka na maji. Chuja siku nzima, paka chumvi, asilimia 2 ya uzito.

Hifadhi kwenye nyuzijoto 12, ukigeuza kila siku. Kwenye friji ya kawaida ukungu husinzia. Ngozi ya jibini ikibanduka kama ganda la ndizi mbivu, ulichuja kidogo mno.