Listi ya mishahara ikivuja: mambo ya kuweka tayari kabla ya kudai haki yako Lubumbashi

Mstari mmoja wa listi ya mishahara unabeba mambo mengi kuliko mfanyakazi anavyodhani: majina yake yote, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kadi ya mchaguzi, namba ya CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), idadi ya watoto, akaunti ya benki au namba ya M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money, na kiasi anachopata kila mwezi. Hapa Lubumbashi hatari inazidi, kwa sababu wengi wetu hatuna kitambulisho kingine isipokuwa ile kadi ya mchaguzi inayotolewa na CENI, tume ya uchaguzi. Ndiyo tunayoonyesha benki, ndiyo tunayosajilia laini ya simu. Mwizi mwenye jina lako, namba ya kadi na namba ya simu anaweza kujaribu kuomba laini upya kana kwamba ni wewe, na akiipata, pesa iliyo ndani ya simu iko mikononi mwake. Na yule anayejua unalipwa tarehe ngapi, kiasi gani, na unakaa wapi Katuba au Ruashi, hana haja ya kompyuta. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wakubwa wa kazi wanaowatuliza watu kwa kusema ni majina tu yametoka.

Sheria inampa mfanyakazi njia kadhaa. Lakini nionavyo mimi, kesi ya namna hii inasimama au inaanguka kwa karatasi ulizokuwa nazo kabla ya siku ya kuitwa mbele ya inspekteri wa kazi, yule afisa wa serikali anayepatanisha mfanyakazi na mwajiri. Basi tuanze na karatasi.

Jambo la kwanza ni kujua mwajiri wako ni nani. Swali hili linaonekana jepesi, na ndilo linaloangusha watu wengi katika mji wa migodi kama wetu. Unavaa kofia ya kampuni kubwa, unapanda basi yao, unakula kantini yao, lakini mkataba wako ulisainiwa na kampuni ndogo iliyochukua kazi kwao. Pengine hata hiyo ndogo imempa fidusieri wa mjini, yaani ofisi ya uhasibu, kazi ya kuhesabu mishahara. Data zikivuja, kila mmoja atakuonyesha mlango wa mwenzake. Mkataba wako ndio unaokata mzozo huo: aliyesaini kama mwajiri ndiye unayemdai mbele ya inspekteri, hata kama faili ilitokea kwenye kompyuta ya fidusieri. Yeye akitaka atamgeukia fidusieri wake baadaye. Tafuta mkataba huo leo. Kama hukupewa kopi, iombe kwa barua, na ubaki na kopi ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa.

Pamoja na mkataba, weka nyumbani fishi za mshahara za miezi iliyopita. Kanuni ya Kazi, ambayo ni sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri akupe hesabu ya maandishi kila anapokulipa, kwa hiyo si zawadi unayoomba. Fishi inaonyesha namba gani zako mwajiri alikuwa nazo na pesa ilikuwa inapitia wapi. Ongeza taarifa ya benki au ujumbe wa simu unaothibitisha mshahara uliingia. Usiviweke kwenye kompyuta ya kazi pekee, maana siku ya ugomvi mlango wa ofisi unaweza kufungwa na wewe uko nje.

Sasa listi imevuja. Unaiona kwenye kundi la WhatsApp, au mtu usiyemjua anakupigia akikutajia mshahara wako hadi franga ya mwisho. Nenda kwanza kwa mtandao wako wa simu na kwa benki, badilisha namba ya siri, waambie wasitoe laini mpya kwa jina lako bila wewe kuwepo. Omba wakuandikie au wakupigie muhuri kwamba ulifika siku hiyo. Karatasi hiyo inakulinda mara mbili: inamzuia mwizi, na kesho inamwonyesha hakimu kwamba wewe hukulala.

Kisha tunza ushahidi, lakini kwa adabu. Piga picha ya kioo cha simu inayoonyesha mstari wako, tarehe, saa, na namba iliyotuma. Usiitume listi nzima kwa mtu yeyote, hata kwa ndugu, hata kwa nia njema ya kuwaamsha wenzako. Mle ndani kuna mishahara na watoto wa watu wengine. Ukiisambaza unawaumiza wao, na unampa mwajiri nafasi ya kusema kwamba mvujishaji ni wewe. Waambie wenzako kwa mdomo kwamba listi iko nje, inatosha.

Andika pia barua moja kwa mwajiri, fupi na ya heshima, ukiuliza mambo manne: data gani zangu zimetoka, lini mlijua, zilikuwa kwa nani, na mnafanya nini. Jibu lake litakusaidia. Kunyamaza kwake pia kutakusaidia.

Ukija kwenye sheria yenyewe, ibara ya 31 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Kanuni ya Dijitali, iliyotolewa kwa amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, imeweka wajibu kwa anayeshika data za watu, imempa mwenye data haki ya kujua na kusahihisha, na imetaja Mamlaka ya ulinzi wa data. Iandikie, ni haki yako. Lakini nisingeweka mzigo wote pale, kwa sababu silaha iliyozoeleka zaidi mbele ya mahakimu wetu ni ya zamani: Kanuni ya Kiraia, kitabu cha 3, ambayo ni ya mwaka 1888. Ibara ya 258 inasema tendo la mtu likimletea mwingine hasara, aliyekosea lazima airekebishe. Ya 259 inaongeza uzembe na kutojihadhari. Ya 260 inamfanya mkubwa wa kazi ajibu kwa ajili ya wale aliowaweka kazini, katika kazi aliyowapa.

Yale maneno ya mwisho, katika kazi aliyowapa, yaangalie vizuri. Kule Uingereza, mwaka 2014, mkaguzi wa ndani wa kampuni ya maduka ya Morrisons aliweka kwenye intaneti data za mishahara za wafanyakazi karibu 100,000, kwa sababu ya kinyongo na mwajiri wake. Alihukumiwa kifungo cha miaka 8. Wafanyakazi maelfu waliidai kampuni, wakapata haki katika ngazi mbili, lakini tarehe 1 Aprili 2020 mahakama ya juu kabisa ikasema kampuni haibebi kosa lile, kwani yule mtu alikuwa akilipiza kisasi chake mwenyewe, hakuwa akifanya kazi ya mwajiri. Hukumu hiyo haimfungi hakimu wa Kongo. Ila avoka (wakili) wa kampuni anaweza kuleta hoja ileile: mwizi ni kijana wa ofisini, si sisi. Kwa hiyo usimtegemee kijana peke yake. Elekeza nguvu kwenye uzembe wa kampuni: kwa nini faili ilitembea kwenye ufunguo wa USB bila neno la siri, kwa nini watu kumi walikuwa na ruhusa ya kuifungua, kwa nini ilitumwa kwa WhatsApp. Hapo unasimama juu ya ibara ya 259, na mguu wako hautelezi.

Hasara nayo lazima ionekane. Hoja kwamba sheria ilivunjwa haijazi mfuko wa mtu. Andika kila kitu kwa tarehe: pesa iliyotolewa, gharama za kubadilisha laini na akaunti, siku za kazi zilizopotea ukizunguka benki, simu za vitisho. Hofu yenyewe inaweza kudaiwa kama madhara ya moyo. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikubali tarehe 14 Desemba 2023 kwamba woga wa data kutumiwa vibaya unaweza kuwa hasara, mradi uwe na msingi. Hapa kwetu, uwe tayari kumwonyesha hakimu msingi huo kwa ushahidi.

Kuna hali moja ya kutenganisha mapema. Kama mwizi aliingia kwenye listi akabadilisha akaunti yako, na mshahara ukaenda kwa mtu mwingine, basi mwajiri hajakulipa. Dai mshahara wako wenyewe, usikubali kuambiwa ungoje mwizi akamatwe. Kama pesa ilifika kwako ndipo ikaibwa, hapo ni madai ya fidia, na benki au mtandao wa simu wanaingia kwenye mazungumzo. Tofauti hii inagusa muda: madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka 1, madai mengine yanayotokana na mkataba wa kazi baada ya miaka 3.

Njia inaanzia kwa inspekteri wa kazi. Ibara ya 298 ya Kanuni ya Kazi iko wazi: mgogoro wa mfanyakazi mmoja na mwajiri wake haupokelewi na tribinali ya kazi kama haujapita kwanza kwenye upatanisho mbele ya inspekteri. Nimeona watu wakikimbilia tribinali moja kwa moja na kurudishwa. Msipoelewana, inspekteri anaandika PV (hati rasmi) ya kutopatana, na hiyo ndiyo tiketi yako ya tribinali. Mashitaka ya jinai ni njia nyingine: kuingia kwenye mashine za watu bila ruhusa na kutumia jina la mwingine kuiba ni makosa, unaweza kuyapeleka kwa OPJ (afisa mpelelezi wa jinai) au parke (ofisi ya mwendesha mashitaka) na kuomba fidia mlemle. Faida ni kwamba parke ina nguvu ya kuomba taarifa kwa mitandao ya simu, jambo ambalo wewe huliwezi. Ubaya ni kwamba kampuni nayo itakaa upande wa waliodhulumiwa, na uzembe wake unaweza kusahaulika.

Wengi wananyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Ibara ya 62 ya Kanuni ya Kazi inasema kumshitaki mwajiri au kwenda kwa wenye mamlaka si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na ya 63 inaruhusu fidia hadi mishahara ya miezi 36. Haizuii kufukuzwa, lakini inafanya kufukuzwa kuwe ghali. Nendeni pamoja na wajumbe wa sendika (chama cha wafanyakazi) mkiweza. Asiye na pesa ya avoka aulize ofisi ya mashauri ya bure ya Baro (chama cha mawakili) ya Haut-Katanga.

Mkipatana, soma PV kabla ya kusaini. Iwe na kiasi kwa tarakimu na tarehe ya kulipa, iseme nani atalipa kama namba zako zitatumiwa tena mwaka ujao, na mwajiri akupe barua inayokiri data zako zilitoka kwake, ya kuonyesha benki au polisi siku mkopo usioujua utakapotokea kwa jina lako. Wengi wanapigania dola peke yake wanaisahau barua hiyo.