Kuchora na kuimba kwa mwenye moyo mzito: namna ya kuendesha kikao mtaani

Mtu aliyefiwa, au anayekesha kwa mawazo ya deni na ugomvi wa nyumbani, huambiwa haraka: "Zungumza, utapata nafuu." Ni nasaha njema, ila inakuja mapema mno. Kifua kikibana, maneno ndiyo ya mwisho kupatikana. Kikao kinachoelezwa hapa kinaanza na pumzi na sauti, kinaendelea na kazi ya mkono, na maneno yanafuata mwisho, tena kwa anayetaka.

Tiba ya sanaa na tiba ya muziki ni fani zenye wataalamu waliozisomea. Mwalimu wa skuli, kiongozi wa kikundi cha hisa au mjumbe wa kamati ya shehia anaweza kuendesha kikao cha kuliwazana, na hicho peke yake ni msaada mkubwa. Asijiite mganga wala daktari.

Kabla ya siku yenyewe

Waalike watu sita hadi wanane. Wakizidi kumi, wa mwisho hakosi kukatishwa. Wanawake wakae peke yao na wanaume peke yao. Wengi husema zaidi hivyo. Muda mzuri ni saa kumi na robo alasiri hadi saa kumi na mbili kasoro robo, watu wameshasali na magharibi haijawakimbiza. Tumia chumba cha ndani. Barazani kila mpita njia ni msikilizaji, na hakuna atakayefungua moyo.

Muulize kila mmoja faraghani: kuna wimbo au jambo asilolitaka? Huwa anapandisha mashetani akisikia ngoma? Amewahi kufikiria kujidhuru? Swali la mwisho liulizwe wazi, kwa upole. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunampa nafasi aliyokuwa anaitafuta.

Kwa watu wanane andaa karatasi 24 za A3, paketi nne za krayoni za rangi 12, tepu ya karatasi, dufu moja, maji ya kunywa na tishu. Muziki uwe umeshapakuliwa kwenye simu, kwa sababu bando likikatika katikati, utulivu wote unavunjika. Bandika karatasi sakafuni kwa tepu ili mkono usiwe unaikimbiza. Rangi za maji usizitumie katika vikao vya mwanzo. Zinatiririka na kuchanganyika zenyewe, na mtu ambaye ndani amevurugika akiona hata karatasi inamshinda, huzidi kuvurugika. Krayoni inahitaji kukandamizwa, inatii, na nguvu ya mkono inapata pa kwenda.

Sauti: dakika 20

Kaeni duara juu ya jamvi. Vuteni pumzi kwa puani kwa hesabu ya nne, kisha muitoe kwa kuvuma, midomo imefumbwa, kwa hesabu ya sita hadi nane. Rudieni mara kumi. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hupungua; kuvuma kunairefusha bila mtu kujilazimisha. Anayeona kizunguzungu apumue kawaida.

Kisha muziki. Kosa kubwa hapa ni kuanza na wimbo wa furaha "ili kuwachangamsha". Mwenye huzuni akipigiwa shangwe hujiona ametengwa. Anza na muziki unaofanana na hali waliyokuja nayo, kisha sogea taratibu: vipande vitatu vya dakika nne nne, kila kimoja chepesi kidogo kuliko kilichotangulia. Kama wamekuja na wasiwasi na mioyo inakwenda mbio, njia ni ileile: anza na mwendo wa kasi kiasi, umalize na mapigo kama 60 kwa dakika, yaani pigo moja kila sekunde. Sauti isizidi ile inayowaruhusu watu wawili kuzungumza bila kupaza.

Bashrafu ya taarabu, ile inayopigwa kabla ya kuimba, inafaa sana kwa kuwa haina maneno. Ala ya nyuzi peke yake, udi au kanuni, ni bora zaidi. Mipasho iache kabisa. Kila mtu atasikia ubeti unaomsema yeye. Kundi lisilotaka ala likae na kasida kwa sauti tupu au kwa dufu, na halitapungukiwa na kitu.

Jihadharini na zile rekodi za mawimbi ya bahari zinazosifiwa mitandaoni kuwa zinatuliza. Visiwa hivi vya Zanzibar vilizama msibani tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilipopinduka ikielekea Pemba, na tena Julai 2012 ilipozama MV Skagit. Kwa aliyepoteza ndugu, sauti hiyo si utulivu hata kidogo.

Mkono: dakika 35

Karatasi ya kwanza ni ya kuufungua mkono: mistari tu, dakika tatu, kwa mkono asiouzoea, ili asijali uzuri. Ya pili, sema hivi: "Weka hapa mzigo ulio nao, kwa rangi na mistari. Si lazima kifanane na kitu." Wapo wasiopenda kuchora viumbe kwa sababu za dini, na njia hii inawastahi. Anayekwama mpe mfano wa nakshi za milango ya Mji Mkongwe au pindo la kanga: aanze na ua moja, alirudie mpaka mkono upate mwendo wake.

Bibi anayesema "mimi sijashika kalamu" mpe miyaa, yale majani ya kusukia, iliyolowekwa isikatike, asuke ukili wa mkoba. Mikono miwili inakwenda zamu kwa zamu, vidole vinajua njia, macho yanapumzika. Usimuulize mkoba utakwisha lini.

Kiongozi asisifie uzuri, maana wengine wataanza kuchora ili wasifiwe. Wala asifasiri. Nyeusi si lazima iwe kifo; huenda ni buibui la mama yake. Uliza tu, "Hapa pana nini?" na akinyamaza, nyamaza naye.

Maneno: dakika 15

Hapa shairi linasaidia kuliko mazungumzo ya wazi, kwa sababu mizani na vina vinaupa uchungu mipaka. Toa kipande cha mizani nane, "Kuna jambo lanikaba", na kila anayetaka aongeze nane zake: "usiku silali tena". Wote waitikie, "Sema nasi, twasikia." Mizani ikipungua au ikizidi, usisahihishe.

Kufunga: dakika 20

Sehemu hii ndiyo hukatwa muda ukiwa mfinyu, na ndiyo haifai kukatwa. Aliyefunguliwa asipofungwa hurudi nyumbani na jeraha wazi, na usiku humuwia mrefu. Katika karatasi ya tatu kila mtu achore mahali anapopata raha, hata kama ni kivuli cha mwembe. Rudieni kuvuma mara tano, kunyweni maji. Kila mtu akunje michoro yake na kuichukua, au uiweke kwenye bahasha yenye jina. Hakuna kupiga picha, hakuna kuweka stetasi.

Yakiharibika

Kulia si tatizo. Kaa karibu, usiharakishe tishu, maana mara nyingi hueleweka kama "nyamaza". Anayetetemeka au kuona tukio la zamani kama linatokea sasa, zima muziki, mwambie akanyage sakafu, ataje vitu vitano anavyoviona, ashike maji baridi. Akipandisha, acha dufu mara moja, punguza watu, mwite jamaa yake. Ndiyo maana midundo ya ngoma za pepo haipigwi kikaoni. Familia ikimpeleka kwa sheikh kusomewa, usishindane nayo, ila dawa za hospitali zisikatizwe.

Aliyesema anataka kujiua asiachwe peke yake. Siku hiyohiyo apelekwe hospitali: Unguja ipo ya Kidongo Chekundu kwa maradhi ya akili, Pemba nendeni hospitali iliyo karibu, Chake Chake, Wete au Mkoani.

Pangeni vikao sita hadi vinane, mara moja kwa wiki, siku na saa ileile. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia katikati, watangazieni mapema kikao cha mwisho kabla ya mfungo na tarehe ya kurejea baada ya Sikukuu, ili asiwepo wa kuja kukuta mlango umefungwa.