Gari la kazi Marekani: kabla ya kusaini, soma kibandiko cha mlangoni

Kila Desemba wauza magari Marekani hurudia wimbo uleule: nunua SUV kubwa, kodi itakulipia. Ndugu zetu wengi wenye kampuni ndogo za usafi, ujenzi au kusafirisha wagonjwa huingia mkenge hapo. Kodi hailipi gari. Gharama hupunguza tu mapato yanayotozwa kodi: aliye kwenye kiwango cha asilimia 22 akikata dola 10,000, kodi yake ya mapato inashuka kwa dola 2,200. Zilizobaki zimetoka mfukoni mwake.

Fungua mlango wa dereva utafute kibandiko chenye herufi GVWR. Huo ni uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, gari pamoja na watu na mzigo. Usiuchanganye na uzito wa gari tupu. SUV isiyozidi pauni 6,000 inahesabiwa na magari madogo, na kama ilianza kazi mwaka 2025, makato ya mwaka wa kwanza hayavuki dola 20,200, hata uwe umeinunua dola 60,000.

Ikizidi pauni 6,000 bila kupita 14,000, Kifungu cha 179 cha sheria ya kodi, kinachokuwezesha kukata bei ya kifaa cha kazi mwaka uleule, kinaruhusu hadi dola 31,300 kwa mwaka huo wa 2025. Pikapu yenye sehemu ya mzigo ya futi 6 au zaidi, isiyofikiwa moja kwa moja kutoka kwenye viti vya abiria, haibanwi na kikomo hiki.

Tuseme SUV ya pauni 7,000 imegharimu dola 70,000 na asilimia 80 ya maili zake ni za kazi. Unachohesabia ni dola 56,000. Ukitoa 31,300 zinabaki 24,700, nazo zaweza kukatwa zote mwaka huohuo kama uchakavu (kushuka thamani kwa gari) wa asilimia 100, mradi mkataba wa kununua ulifungwa baada ya Januari 19, 2025. Hiyo ni kodi ya serikali kuu. California, kwa mfano, haiufuati uchakavu huo.

Panapoumiza watu ni kumbukumbu. Matumizi ya kazi lazima yazidi asilimia 50, na kutoka nyumbani kwenda ofisini hakuhesabiwi. Andika siku ileile: tarehe, ulikokwenda, maili, sababu. "Machi 4, kwa mteja, maili 22, kupeleka vifaa" ni mfano. Matumizi yakishuka hadi asilimia 50 au chini kabla kipindi cha uchakavu cha miaka 5 hakijaisha, sehemu ya ulichokata inarudishwa kwenye mapato yako na kutozwa kodi. Aliyeajiriwa kwa W-2, yaani fomu ya mshahara ya mwajiri, kwa kawaida hana makato haya.

Kama gari lako ni la bei nafuu na unakimbia maili nyingi, mwombe mhasibu apige kwanza hesabu ya kukata senti 70 kwa kila maili ya kazi, kiwango cha 2025, badala ya gharama halisi za gari. Mara nyingi inashinda. Ila ukishatumia Kifungu cha 179 kwa gari hilo, njia ya maili imefungwa kwa muda wote utakaokuwa nalo.