Lisbon kwa siku mbili: anzia kwenye dhahabu ya Kilwa

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Masoko, na huu ni mwaka wangu wa tisa Lisbon. Kazi yangu ni kushona mapazia ya hoteli, kwa hiyo mji huu nimeuzunguka na mabegi mgongoni, mlima baada ya mlima. Kila mwaka hunijia mgeni mmoja au wawili kutoka nyumbani, na karibu wote wana siku mbili tu kabla ya kuendelea na safari. Nimewatembeza kwa njia mbalimbali mpaka nikapata mpangilio ninaouamini. Nauandika hapa kwa ajili ya yeyote anayekuja na hana ndugu wa kumpokea.

Jambo la kwanza ni siku yenyewe. Usiipange Jumatatu, maana makumbusho mengi na monasteri ya Jerónimos hufungwa siku hiyo. Ukitua, usikimbilie teksi. Metro imefika mpaka uwanja wa ndege: panda laini nyekundu, shuka Alameda, ubadilishe kwenda laini ya kijani, na utafika Rossio katikati ya mji. Kadi inaitwa Navegante, inanunuliwa kwenye mashine palepale stesheni, na ukiitia hela inafanya kazi kwenye metro, basi, tramu, treni za karibu na boti. Kila mtu awe na kadi yake. Na viatu: njia za miguu za hapa zimetandikwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi, vinapendeza sana kwa macho, lakini mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Vaa raba zenye soli ya kushika.

Sasa, vitabu vyote vya wageni vitakupeleka kwanza Belém, mtaa wa kando ya mto upande wa magharibi wa mji. Nakuomba usiende Belém kwanza. Nenda Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Rua das Janelas Verdes, ufike saa nne asubuhi wanapofungua. Kuna mengi mle ndani: paneli sita za Mtakatifu Vincent zilizochorwa karne ya 15, skrini za Kijapani zinazoonyesha Wareno wakishuka melini, mchoro mkubwa wa Bosch. Vyote vizuri, utavirudia. Wewe uliza kwanza ilipo Custódia de Belém.

Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi ili waumini waione. Ni ya dhahabu, imenakshiwa kwa rangi za enameli, na katikati mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka. Hutajwa kuwa kazi ya sonara Gil Vicente. Ukiinama kwenye kitako chake utaona maandishi yamezunguka ukingo. Yanasema mfalme Dom Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi za QVILVA, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.

Quilva ni Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa Kisiwani mara ya kwanza, na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile ilikuwa imetoka bara, ikapita Sofala, ikatajirisha mji wetu kwa vizazi. Da Gama alirudi nayo Lisbon mwaka 1503. Miaka miwili baadaye Francisco de Almeida akaja na kundi kubwa la merikebu, akauteka mji na kujenga ngome.

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa historia, alipokuja kunitembelea nilimleta hapa moja kwa moja. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu bila kusema. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, imeandikwa Kilwa kweli, au wewe ndiye unayesema?" Nikamwonyesha herufi moja moja. Mlinzi alisogea kuona kama kuna tatizo, na mjomba akamwambia kwa Kiswahili, akielekeza kidole kwenye ile Q, "Hapa ndipo natoka." Nilitafsiri. Yule mlinzi akainama, akasoma neno zima kwa sauti ya chini, akampa mjomba mkono.

Ndiyo maana nasema anzia hapa. Ukishaiona, mawe ya Belém utayatazama kwa jicho jingine.

Ukitoka, kando ya makumbusho kuna kibustani kinachotazama bandari. Pumzika hapo, halafu shuka ngazi ndefu mpaka barabara kubwa ya chini, upande tramu namba 15E inayokwenda Belém. Kama unatokea mjini siku nyingine, treni ya Cais do Sodré ni bora kuliko tramu: haina msongamano, na inafika upesi.

Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa kwa ushuru wa pilipili manga na viungo vilivyokuja kwa njia ya bahari yetu. Mfalme Manuel aliiachia monasteri hii ile monstransi katika wosia wake. Tazama nguzo: zimechongwa kamba za meli, mafundo, mimea ya baharini. Kanisani, karibu na mlango, ndipo lilipo kaburi la Vasco da Gama. Alifia Kochi, India, mwaka 1524. Foleni ya kuingia uani ni ndefu kuanzia saa tano. Kata tiketi mtandaoni mapema.

Vuka kwenda mtoni kwa njia ya chini ya barabara. Mnara wa mabaharia, Padrão dos Descobrimentos, ulijengwa upya kwa zege na mawe mwaka 1960, wakati wa udikteta, ili kuisifia himaya. Kwangu mimi kilicho bora hapo kiko chini: sakafuni pametandazwa dira kubwa ya marumaru yenye ramani ya dunia katikati. Simama juu ya Afrika Mashariki. Watoto wa dada yangu walipiga picha wakiwa wamekaa chini, mmoja Mombasa na mwingine Msumbiji.

Mnara wa Belém hauhitaji kuingia ndani, hata ukiwa umefunguliwa. Uzuri wake uko nje. Zunguka upande wa magharibi, utafute kichwa cha mnyama chini ya kibanda cha mlinzi. Ni kifaru, ingawa upepo wa chumvi umemla sana. Mwaka 1515 kifaru hai aliletwa Lisbon kutoka India, zawadi ya Sultani wa Gujarat, na Dürer kule Ujerumani akachora picha yake maarufu bila kumwona. Kisha rudi ule vile vikombe vya maandazi ya maziwa na mayai kwenye duka la Pastéis de Belém, linaloviuza tangu 1837. Usisimame kwenye foleni ya kuchukua. Ingia ndani ukae, kuna vyumba vingi vimefunikwa vigae vya bluu. Nyunyizia mdalasini wa kutosha.

Siku ya pili ni ya milima, na kanuni yangu ni moja: panda kwa chombo, shuka kwa miguu. Tramu ya 28 ni nzuri lakini ni mateso kuanzia saa tatu na nusu, na wezi wa mifukoni wanaipenda kuliko wageni. Uwe Martim Moniz saa mbili kasoro, upande, ushuke Graça. Tembea kidogo mpaka Miradouro da Senhora do Monte. Miradouro ni mahali palipoachwa wazi ili watu watazame mji, na huu ndio ulio juu. Utaiona ngome ya São Jorge mbele yako, mto Tejo nyuma yake. Ngome yenyewe ilikuwa ya Waislamu mpaka 1147, Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, alipouteka mji. Kiingilio chake ni ghali. Ukiwa na siku mbili tu, iache. Umeshaiona vizuri kuliko walio ndani yake.

Baada ya ushindi ule, Waislamu waliobaki walipangiwa mtaa wao chini ya ngome, ambao hadi leo unaitwa Mouraria. Alfama, mtaa utakaoushukia sasa, ni neno la Kiarabu, al-hamma, maji ya moto. Hapa usifuate ramani. Fuata miteremko, pita chini ya nguo zilizoanikwa, na usome vibao. Nilipofika sikujua Kireno, lakini maneno yalinipokea: mesa, meza. Bandeira, bendera. Caixa, kasha. Lenço, leso! Na kwenye kila kona, igreja, yaani kanisa. Sisi tuliozaliwa Kilwa tumecheza utotoni tukiitazama Gereza, ile ngome ya Kisiwani, na wasomi wa lugha husema gereza limetokana na igreja. Siku nilipolisoma neno hilo mlangoni mwa kanisa la Alfama nilikaa kwenye ngazi zake.

Ukifika Sé, kanisa kuu lililojengwa mahali pa msikiti baada ya 1147, vuka barabara uingie Museu do Aljube. Wageni wengi hupita mlango huu bila kuuona. Palikuwa gereza la siasa wakati wa dikteta Salazar, na Agostinho Neto, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Angola, alifungwa humo. Ghorofa moja inaeleza vita vya ukombozi wa makoloni. Tenga saa nzima.

Chini yake ni Baixa, mitaa iliyonyooka kama imepigwa rula. Asubuhi ya Novemba 1, 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko lilibomoa mji, mawimbi yakapanda kutoka mtoni, na moto ukamaliza kilichobaki. Marquis wa Pombal, waziri wa mfalme, aliujenga upya, na nyumba zikatiwa fremu za mbao ndani ya kuta ili zitikisike bila kuanguka.

Chakula cha mchana kula hukuhuku, ila sikiliza haya. Mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa mezani kabla hujaagiza vinalipiwa ukivila; usipovitaka, sema vizuri virudishwe. Ukiona chouriço au presunto, ni nguruwe, na hata supu ya caldo verde huwekewa kipande. Anayetaka nyama ya halali arudi Martim Moniz, wako Wabangladeshi wengi wenye migahawa. Chamuça ni sambusa, na iko karibu kila mgahawa wa kona. Pilipili yao inaitwa piri-piri, huhitaji mkalimani.

Nenda kanisa la São Domingos, pembeni mwa Rossio. Liliungua mwaka 1959, na ndani wameziacha nguzo zikiwa zimepasuka na kuta zikiwa na rangi ya moto. Chama cha kidini cha watu weusi wa Lisbon kilikuwa na makao yake hapa karne nyingi zilizopita. Uwanjani nje, wanawake kutoka Guinea-Bissau wanauza karanga na viungo, na wanaume wanabarizi mpaka jioni. Salimia kwa "boa tarde". Watakuuliza unatoka wapi. Aprili 1506, mwaka uleule wa dhahabu yetu, Wayahudi waliobatizwa kwa lazima waliuawa kwa wingi kuanzia kanisani hapa, na kuna jiwe la kumbukumbu uwanjani.

Lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902, itazame kutoka chini. Foleni yake inaweza kula saa nzima, na inakufikisha mahali ambapo ngazi za Calçada do Carmo, pembeni mwa stesheni ya Rossio, zinakufikisha kwa dakika chache. Juu ni Largo do Carmo. Kanisa la Carmo halijaezekwa tangu tetemeko. Matao yake yamebaki na anga.

Jirani yake kuna kambi ya askari. Aprili 25, 1974, siku wanajeshi walipoupindua udikteta, Kapteni Salgueiro Maia aliizingira, na jioni waziri mkuu Marcelo Caetano, mrithi wa Salazar aliyekimbilia humo, akasalimu amri. Watu walitia maua kwenye mitutu ya bunduki, maua yanayoitwa cravos, na Kireno hutumia neno hilohilo kwa karafuu. Mjomba aliomba tukae kwenye benchi chini ya miti. Mwaka ule alikuwa kijana anayefundisha Nachingwea, karibu na kambi ambako wapiganaji wa FRELIMO walipata mafunzo. "Tulisikia kwenye redio," akaniambia, "lakini sikuwahi kujua ni uwanja mdogo hivi." Juni iliyofuata, 1975, Msumbiji ilikuwa huru.

Ikibaki saa moja kabla ya jua kutua, shuka Cais do Sodré upande boti ya kwenda Cacilhas. Ni kama dakika kumi, na kadi yako inatosha. Usitoke mbali ng'ambo. Kunywa kahawa, ambayo hapa unaiagiza kwa jina la bica, kisha panda boti ya kurudi. Kaa kulia. Kushoto utapishana na daraja la 25 de Abril na jua machoni, lakini kulia mwanga unapiga moja kwa moja Alfama, na utaweza kuhesabu njia yote uliyoshuka asubuhi.