Kukusanya noti za Amerika ya Kusini za miaka ya 1940 hadi 1960: anza kwa kuzisoma

Noti ya kwanza ya Amerika ya Kusini niliyonunua ilikuwa peso 10 za Bolivia. Mbele ina sura ya Germán Busch, aliyekuwa rais wa nchi hiyo, nyuma mlima wa Potosí, na imeandikwa "Ley de 13 de julio de 1962". Muuzaji alinitajia bei ya noti ya mwaka 1962, nami nikalipa bila kubisha. Baadaye ndipo nikajua kwamba 1962 ni mwaka wa sheria iliyoanzisha peso boliviano, na kwamba noti ziliendelea kuchapwa kwa tarehe hiyohiyo kwa miaka mingi. Yangu ilikuwa ya zile za nyuma, zinazouzwa kwa mabunda. Kwa pesa niliyotoa ningepata kumi na chenji.

Kwa hiyo albamu na lenzi tutavifikia baadaye. Kwanza tujifunze kusoma.

Hatua ya 1: Jiwekee mpaka

Ukisema unakusanya "Amerika ya Kusini", baada ya mwaka utakuwa na rundo tu. Chagua nchi moja. Kwa anayeanza mimi humwambia Brazili, kwa sababu hadithi yake ina mwanzo na mwisho. Cruzeiro iliingia mwaka 1942 ikachukua nafasi ya mil-réis, réis 1000 kwa cruzeiro 1. Mwaka 1967 ikaja cruzeiro novo, ikakata sifuri tatu nyingine. Katikati hapo unapata sura za kufuatilia: Tamandaré kwenye noti ya 1, Caxias kwenye 2, Rio Branco kwenye 5, Princesa Isabel kwenye 50. Isabel ndiye aliyetia saini sheria ya kufuta utumwa mwaka 1888. Kwenye 10 yupo Getúlio Vargas, ambaye noti yake ilipotoka alikuwa bado yuko Ikulu. Noti ndogo za mfululizo huu, zikiwa mpya, si ghali.

Njia nyingine ni kufuata mchapaji. Mimi niliingilia mlango huo. Kwenye sanduku la bibi kulikuwa na shilingi za karatasi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na chini kabisa ya noti, kwa herufi ndogo sana, "Thomas de la Rue & Company Limited, London". Siku nilipoona maneno hayohayo chini ya noti ya Uruguay nilicheka peke yangu. Wachapaji wengine utakaokutana nao mara kwa mara ni American Bank Note Company ya New York na Waterlow & Sons ya London.

Hatua ya 2: Soma noti kwa mpangilio uleule kila mara

Anza na aliyeitoa. Brazili haikuwa na benki kuu mpaka sheria ya tarehe 31 Desemba 1964, kwa hiyo kwenye noti za kabla ya hapo anayeahidi kulipa ni Hazina, "Tesouro Nacional". Paraguay ilianzisha guaraní mwaka 1943, lakini Banco Central del Paraguay ni ya 1952. Ukiuziwa noti yenye jina hilo la benki kuu ukaambiwa ni ya vita vya pili vya dunia, rudisha.

Kisha tafuta neno "ley" (sheria) au "decreto" (amri ya serikali). Likiwa karibu na tarehe, hiyo ni tarehe ya sheria, haikuambii noti ilichapwa lini. Uruguay ilitumia "Ley de 2 de enero de 1939" hadi miaka ya 1960. Paraguay ilifanya vivyo hivyo na sheria yake ya tarehe 25 Machi 1952. Kolombia ni tofauti: Banco de la República, benki kuu yake, ilibadilisha tarehe kadiri ilivyochapisha, na mara nyingi ilichagua sikukuu, kama 20 Julai ya uhuru au 7 Agosti ya vita vya Boyacá. Noti za cruzeiro za Brazili hazina tarehe kabisa.

Hapo kazi inabaki kwa saini na namba. Kwenye cruzeiro angalia neno "Estampa", yaani toleo la uchapaji: ya 1 kwa kawaida ni ya American Bank Note, ya 2 ni ya De La Rue. Halafu angalia "Série", yaani namba ya mfululizo. Noti za mwanzo kabisa zilitiwa saini kwa mkono, kalamu na wino, noti moja baada ya nyingine. Baadaye saini zikawa za kuchapwa. Noti mbili zenye sura ileile zinaweza kutofautiana bei sana kwa sababu ya wino huo. Kwa Argentina, namba inayoanza na herufi R ni noti iliyochapwa kuziba pengo la iliyoharibika kiwandani. Ukiiona kwenye rundo la bei ya chini, usipige kelele, lipa uondoke.

Hatua ya 3: Mihuri ya kubadili thamani

Hapa ndipo utamu ulipo, na hapa ndipo watu wanapigwa. Mfumuko wa bei ulipokata sifuri, serikali hazikutupa akiba ya noti zilizokwishachapwa. Ziligongwa thamani mpya. Chile ilihama kutoka peso kwenda escudo mwaka 1960, peso 1000 kwa escudo 1, na noti ya peso 50 ikagongwa "5 centésimos", yaani senti 5 za escudo. Brazili ikagonga "1 centavo" kwenye noti ya Vargas ya cruzeiro 10. Argentina nayo ilipohamia peso mpya mwaka 1970, 100 kwa 1, iligonga noti zake kubwa.

Shida ni kwamba muhuri ni rahisi kuongezwa na mjanja mwenye noti ya kawaida. Chukua lenzi, hata ile ya fundi saa, tafuta mahali muhuri unapokatiza mkunjo. Noti iligongwa ikiwa mpya, ikakunjwa baadaye mifukoni mwa watu. Kwa hiyo wino wa muhuri unatakiwa uwe umekatika kwenye mkunjo sawa na michoro mingine. Ukiona wino umetambaa ndani ya mkunjo na kunywewa na nyuzi nyeupe zilizochanika, umegongwa juu ya noti iliyokwishazeeka. Iache.

Hatua ya 4: Pima hali yake

Vipimo vya soko ni herufi: UNC haijatumika, XF ina mkunjo mmoja au miwili, VF imezunguka lakini bado ina nguvu, F imechoka. Inamisha noti pembeni mwa mwanga, mkunjo uliopigwa pasi utajitokeza kama kovu. Pitisha ukucha kwenye sura: uchapaji mzuri wa enzi hizo una mparuzo, na noti iliyooshwa au kubanwa huwa laini kama kitambaa. Noti za American Bank Note mara nyingi zina vidoa vidogo vya rangi vilivyopachikwa ndani ya karatasi yenyewe.

Usioshe noti. Mimi niliwahi kulowesha cruzeiro 1 ili kutoa doa la chai. Doa lilibaki, ile saini ya kalamu ikaondoka na maji.

Hatua ya 5: Nunua

Omba picha za pande zote mbili, bila mfuko, na moja ikiwa imeshikwa kwenye mwanga. Muulize muuzaji namba ya katalogi. Wengi hutumia namba za Pick, katalogi ya noti za dunia, zinazoandikwa kwa herufi P. Halafu mwombe akutumie noti katikati ya vipande viwili vya kadibodi, kwa rejesta.

Hatua ya 6: Hifadhi

Tanga ninakoishi hewa ni maji matupu. Plastiki laini ya PVC, ile inayonuka kama viatu vipya, hutoa unyevu wenye mafuta unaokwangua rangi. Tumia mifuko ya polyesta. Weka albamu wima kabatini na vipakiti vya silika, mbali na ukuta wa nje, ufungue kila mwezi kwa ajili ya wadudu. Usitumie gundi wala selotepu.

Maelezo yaandike kwa penseli kwenye kadi ya pembeni, kamwe si kwenye noti: nchi, thamani, sheria, mchapaji, herufi na namba, hali, bei na siku uliyonunua. Kadi yangu ya kwanza bado ipo: "Bolivia, peso 10, sheria ya 1962, De La Rue, UNC." Mbele ya bei nimeandika "ghali" na kupiga mstari chini yake mara mbili.